Wembe Kabla ya Kipimo

Mtu aliyenyolewa ana nywele au hana?

Niliulizwa swali hilo Songea, kwenye baraza la hospitali, mbele ya mgeni aliyekuja kutoka Dar es Salaam na gari la mradi. Nilikuwa msomi wa takwimu, kijana, mwenye swali juu ya kila jibu la mwenzangu. Nikafungua mdomo, nikaufunga.

Sasa nimestaafu. Vijana niliowaacha ofisini wameniomba niandike kuhusu miaka yangu ya utafiti, na nadhani walitegemea niwafundishe namna ya kuomba fedha za miradi. Hilo waulizeni wenye maghorofa. Mimi nitawaeleza utafiti wangu wa kwanza, kwa sababu ndio pekee ninaoukumbuka bila kufungua faili.

Ilikuwa enzi za ruksa, milango ya biashara ilipofunguliwa. Maduka ya mtaa wa Majengo yalikuwa yameanza kujaa sabuni za kila rangi, na redio zenye majina yaliyokaribia kufanana na ya redio tulizozijua. Nimezaliwa Iringa, kwa hiyo baridi ya Songea haikunisumbua. Kilichonisumbua ni kazi yenyewe. Bosi wangu, Dakta Mushi, alikuwa bingwa wa magonjwa ya ngozi. Alitaka kujaribu vidonge vya kumeza kwa watu ambao nywele zao zinadondoka kwa mabaka, kichwani, kwenye nyusi, hata ndevuni. Ugonjwa huo hauletwi na mdudu wala uchafu. Askari wa mwili, wale wanaotulinda na maradhi, wanachanganyikiwa na kuanza kushambulia mizizi ya nywele kana kwamba ni wavamizi. Dawa ilikuwa ya kuwatuliza askari hao.

Dakta Mushi mwenyewe alikuwa na kipara kinachong'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Si kwa ugonjwa huo, kwa urithi tu. Lakini hakuna aliyemwamini.

Siku yangu ya kwanza aliniita stoo, akanionyesha boksi la picha kuukuu za eksirei na ndoo ya maji ya klorini.

"Kazi yako ya kwanza," akasema, "futa mbavu."

Nilidhani nimesikia vibaya. Kumbe picha ya eksirei ikilowekwa na kusuguliwa inabaki plastiki inayoonyesha upande wa pili. Tungeiweka juu ya kichwa cha mtu, tufuatishe mpaka wa baka kwa kalamu ya wino, halafu tuilaze juu ya karatasi ya miraba na kuhesabu. Mwezi uliofuata tunachora tena, tunalinganisha. Ni kipimo kizuri, na sijawahi kukutana na cha bei ndogo zaidi. Ila mbavu nyingine zilikataa kufutika, kwa hiyo kwa miezi yote ile nilichora vichwa vya watu wa Songea juu ya vifua vya watu nisiowajua.

"Dakta," nilimwuliza, "tunajuaje kwamba mkono wangu leo utachora sawa na mkono wangu wa mwezi ujao?"

"Chora mara mbili."

"Na nikikosea mara zote mbili kwa namna moja?"

Akavua miwani. "Neema, wewe siku ya kiyama utamdai Mungu risiti."

Tangazo letu lilisomwa makanisani, msikitini na sokoni: wenye matatizo ya nywele wafike hospitali, matibabu ni bure. Wiki nzima ya kwanza walikuja wazee wenye vipara vya kawaida. Walijaa barazani wakiwa wameshika kofia mikononi, wengine wametoka mbali na wamebeba chakula. Sista Haule, muuguzi mkuu wa kliniki yetu, mwanamke mwenye sauti ya kuongozea kwaya bila kipaza, alisimama mbele yao.

"Baba zangu, shikamooni. Kipara cha uzee hakitibiwi hapa."

"Marahaba. Kinatibiwa wapi?"

"Hakitibiwi popote."

Mzee mmoja akanyoosha kidole kuelekea dirisha la Dakta Mushi. "Ndiyo maana yule hajapona," akawaambia wenzake, na wakaondoka wakimsikitikia.

Wagonjwa wenyewe walikuja baadaye, mmojammoja, wamefunika vichwa. Walipofika kumi na kitu tukaanza. Wa kwanza alikuwa Mzee Gama, karani wa zamani wa ushirika aliyepunguzwa kazini pamoja na wenzake. Baka lake moja lilikuwa kisogoni na jingine kwenye ndevu, kwa hiyo alionekana kama mtu aliyemkimbia kinyozi katikati ya kazi. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza kwetu.

"Iringa."

"Mhehe?" Akapiga paja. "Sista, fungeni mbwa! Mtani wangu amefika!"

"Mbwa waacheni, mzee," nikasema. "Nasikia hapa mboga inachimbuliwa shambani na ina mkia."

Alicheka mpaka akakohoa. Mababu zetu na wa hapa Songea walipigana vita, na wajukuu tunalipana kwa matusi: wao wanasema tunakula mbwa, sisi tunasema wanakula panya. Tangu siku hiyo hakunipa hata salamu moja isiyokuwa na mbwa ndani yake.

Wa pili nitakayemtaja ni Tekla. Alikuwa mama ntilie pale Majengo, mjane mwenye watoto wawili, anapika wali, maharage na dagaa wa Nyasa, chai asubuhi. Nywele zake zilikuwa zimeng'oka kwa mabaka makubwa, zikabaki visiwavisiwa. Miaka ile mtu akinyonyoka nywele watu hawakuuliza. Walikuwa na jibu tayari, na jibu lenyewe walilitaja kwa kunong'ona: ule ugonjwa. Mpishi wa jirani alimsaidia kulinong'ona. Tekla alipima damu, akakutwa hana kitu, akarudi na majibu kwenye kibanda chake. Wateja waliyasoma, wakampongeza, wakaenda kula kwa jirani.

"Sitaki uzuri, mdogo wangu," aliniambia siku ya kwanza. "Nataka wanangu wale. Sufuria ikirudi imejaa nyumbani, siwezi kuwalisha maharage yaleyale siku tatu na kuwaambia ni biashara."

Sista Haule ndiye aliyewaeleza taratibu. Vidonge vilitoka Dar katika makopo mawili. Kopo moja lilikuwa na dawa, jingine lilikuwa na vidonge vinavyofanana na dawa lakini ndani havina kitu. Kopo lipi ni la dawa, hata sisi hatukujua. Ufunguo, yaani karatasi inayosema lipi ni lipi, ulikuwa Dar.

Mzee Gama akainua mkono. "Ngoja, Sista. Madukani wanatuuzia feki. Sasa na hospitali?"

"Hatuuzi, baba. Ni bure."

"Feki ya bure!" Akawageukia wenzake. "Mmesikia maendeleo?"

"Siyo feki," nikaingilia. "Ni ya kulinganishia."

"Na anayepewa ya kulinganishia anapona?"

"Ndicho tunachotaka kujua."

"Kwa hiyo hamjui kama dawa ni dawa, na hamjui nani mnampa, ila mnajua kwamba nisikose Alhamisi."

Sijawahi kusikia maelezo mafupi na sahihi zaidi ya utafiti wa tiba, na nimehudhuria semina nyingi. Wote walitia saini. Halafu, kwa kuwa Watanzania wakikaa kwenye benchi moja kwa saa nzima lazima wachague uongozi, walichagua uongozi. Mzee Gama akawa mwenyekiti.

Walimeza vidonge mbele ya Sista siku mbili kila wiki, Alhamisi na Ijumaa. Dawa hiyo ina tabia moja: inaleta njaa. Kwa hiyo kila Alhamisi mchana kundi zima lilishuka mpaka kibanda cha Tekla, na mimi nikawafuata, nikijiambia kwamba nakwenda kutazama madhara ya dawa. Hao ndio karibu wateja pekee aliobaki nao. Mzee Gama alikula sahani mbili na kugeukia ya tatu.

"Mtani, andika," akaniambia, mdomo umejaa. "Mimi nina kopo la kweli."

"Au ni mlafi tu," nikasema.

"Hilo nalo pimeni."

Nilirudi kwa Dakta Mushi nikiwa na wasiwasi. Kama mtu anaweza kujijua kwa sahani za wali, siri ya makopo iko wapi? Akaniambia niache kula na washiriki. Sikuacha. Tekla alikuwa anapika maharage kwa karanga.

Sasa nifike kwenye sharti langu. Kipimo chetu kilitegemea mpaka kati ya penye nywele na pasipo na nywele. Mtu akinyoa kwa wembe, kichwa chote kinakuwa baka. Nikaandika sharti, Dakta akaligongea muhuri: hakuna kunyoa mpaka kipimo cha mwisho. Atakayenyoa anatolewa, na vidonge vinakoma. Kwa wanaume halikuwa neno kubwa. Kwa Tekla, kabla ya kuja kwetu, wembe ndio ulikuwa kinga. Alikuwa akinyoa zote, na watu walimwona mwanamke aliyenyoa tu, kama wengine wengi. Sasa visiwa vyake viliachwa viote kwa ajili yangu, na kitambaa hakikutosha. Mvuke wa sufuria ulimlazimu kukifungua na kujifuta, na jirani yake alikuwa anasubiri saa hiyohiyo.

Alikuja kwangu mwezi mmoja kabla ya mwisho. "Nikinyoa zote, mdogo wangu, watasahau. Jana nimeuza chai mbili."

"Ukinyoa, dada, unakosa dawa."

"Huenda hata siipati."

"Huenda unaipata."

"Mngeniambia tu."

"Hatujui."

Alinitazama, si kwa hasira. Ni jinsi unavyomtazama mtu aliyeshika kamba yako na hajui amefunga nini upande wa pili. Siku chache baadaye mwenyekiti akaja rasmi, amevaa koti, kumwombea. Nilimweleza habari za miraba na mipaka. Nilimweleza kwamba tukimruhusu mmoja, kazi yote ya miezi inaharibika, na kesho watu wengine wenye ugonjwa huu hawatapata jibu. Niliamini kila neno, na hata leo, kama utafiti, naliamini.

"Nimeelewa," akasema. "Kwa hiyo hakuna ruhusa."

"Hakuna, mzee."

"Kwa sababu yoyote."

"Mpaka kipimo cha mwisho."

Akashukuru, akavaa kofia, akaondoka bila kutaja mbwa. Hilo lingenistua, lakini sikuwa mtu wa kustuka. Nilikuwa mtu wa kuuliza, na sikuuliza.

Kipimo cha mwisho kilipangwa Jumanne, mgeni wa Dar awepo kushuhudia. Wiki ile Mzee Gama akaleta taarifa kwamba Jumamosi ukoo wake unamaliza matanga ya shangazi yake, upande wa Peramiho, na sisi wa kliniki tunakaribishwa. Kundi lote lingekwenda. Walikuwa wamekwisha kuwa ndugu. Mimi na Sista Haule tukaona ni vizuri kwenda kutoa pole.

Tulikuta watu wengi, wanawake wamezunguka masufuria, pombe ya komoni kwenye mapipa, na katikati ya uwanja kiti na beseni la maji. Tekla alikuwa miongoni mwa wapishi. Nilikuwa sijamaliza kusalimia wazee Mzee Gama aliposimama.

"Mtani wetu amefika," akatangaza. "Kwa desturi ya nyumba hii, matanga yakiisha wafiwa wote wananyolewa, na wembe unaanzwa na mtani."

Uwanja mzima ukanigeukia. Nikamsogelea, nikasema kwa sauti ya chini, "Mzee Gama, kipimo ni Jumanne."

Yeye akajibu kwa sauti ya mkutano. "Marehemu hakuulizwa habari za Jumanne."

"Lakini mlitia saini hamtanyoa."

"Sisi tulitia saini. Shangazi hakutia."

Bibi mmoja kando yangu akaguna. "Huyu Mhehe anamkatalia maiti?"

"Anaogopa wembe," mwingine akasema. "Kwao wanajua kamba ya kujinyongea tu."

Watu wakacheka, kicheko cha utani kinachoruhusiwa msibani, na ambacho ukikijibu kwa hoja unaonekana mwendawazimu. Nikamgeukia Sista Haule. "Sista, sema neno."

"Neno langu ni kwamba kila mtu awe na wembe wake," akasema. "Ule ugonjwa haujui utani." Akafungua mkoba, akatoa pakiti nzima ya nyembe mpya. Niliuona huo kuwa uangalifu wa kiuguzi.

Mngefanya nini? Nilikuwa na hoja nzuri zote, na hapakuwa na mtu wa kumpa. Mtani anayekataa kazi yake msibani anakata kitu ambacho hakukifunga yeye. Nikavua saa, nikaloweka kichwa cha mwenyekiti, nikaanza. Baka la kisogoni likamezwa. Wakafuata wenzake, mmoja baada ya mwingine, wanakaa kitini kwa utulivu wa watu wanaopokea komunyo, na mimi nakwangua data zangu mwenyewe, zinaelea kwenye beseni.

Tekla alikuja karibu na mwisho. Akafungua kitambaa. Nilikuwa nimekichora kichwa kile mara nyingi kiasi kwamba ningeweza kukichora gizani. Nikainama, nikaona. Ndani ya baka kubwa, juu ya sikio la kushoto, ambako mwezi uliopita kulikuwa kunateleza kama kigae, vilikuwa vimeota vinywele vya malaika, laini, vyeusi kwenye shina. Ndicho nilichokuwa nimekingoja tangu siku ya kufuta mbavu.

Mkono ukasimama.

"Nini?" akauliza, macho amefumba.

"Zimeanza kuota, dada."

Nilidhani atainuka. Nilitamani ainuke.

"Nyoa, mdogo wangu," akasema. "Usibakize hata wa mbegu."

Nikanyoa.

Jumatatu asubuhi nilipita Majengo. Tekla alikuwa kibandani kwake kichwa wazi, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, amekipaka mafuta kinang'aa. Jirani yake alikuwa amesimama na mwiko, anatafuta la kunong'ona. Akapita fundi baiskeli, akasimama.

"Dada, umefiwa?"

"Shangazi yetu. Tumemaliza matanga juzi."

"Oo, pole sana. Pole sana, dada." Huwezi kumpa mtu pole ukiwa unatembea, na ukishasimama unanusa maharage. Akavuta benchi. "Niwekee na chai." Baadaye wakaja wawili waliokuwa msibani wenyewe, wamenyolewa vilevile, wakakaa kando yake, na kutoka mbali hukuweza kusema nani mgonjwa, nani mfiwa, nani mteja. Kufika mchana sufuria ilikuwa inakwanguliwa.

Jumanne mgeni akashuka kwenye gari na mkoba wa ngozi. Barazani, kwenye benchi, kulikuwa na mstari wa vichwa vinavyong'aa, na mwisho wa mstari, kwa kuwa hakukuwa na kiti kingine, alikaa Dakta Mushi. Mgeni akawatazama wote, mmojammoja, kwa heshima.

"Hawa ndio waliopona," akauliza, "au ndio ambao hawajapona?"

Dakta akanitazama mimi. Mwenyekiti akaniokoa, au alidhani ananiokoa. Akasimama.

"Mheshimiwa, shida ni ya kisomi. Mtu aliyenyolewa ana nywele au hana? Maana akiwa hana, basi dawa yenu imeshindwa kwetu sote. Akiwa anazo, tumepona wote, hata wale wa feki. Tunamwachia mtani wetu, yeye ndiye mwenye shahada."

Hapo ndipo nilipofungua mdomo na kuufunga.

Mgeni aliondoka siku iliyofuata. Hakukuwa na kipimo cha mwisho, kwa hiyo hakukuwa na cha kulinganisha, kwa hiyo ufunguo wa makopo haukufunguliwa, na baadaye mradi ulipohamishiwa mkoa mwingine sidhani kama kuna mtu aliyejua uliko. Dakta Mushi aliandika kwamba matokeo hayakupimika kwa sababu za kijamii. Nilipinga neno "kijamii", nikasema halina maana ya kisayansi. Akaniambia nipendekeze jingine. Bado natafuta.

Nywele za Tekla ziliota. Ziliota kichwa kizima kwa pamoja, isipokuwa sehemu ndogo kisogoni iliyokuja na kuondoka kwa miaka. Kama ni vidonge, au ni muda, au askari wake walichoka tu kupigana na nyumba yao, sijui, na mtu akiwaambia anajua mdaini ushahidi. Ninachojua ni kwamba wateja hawakungoja ziote.

Nilifanya tafiti nyingi baada ya hapo, za malaria, za maji, za lishe, na katika zote niliandika sharti moja la nyongeza juu ya misiba. Mara zote wakubwa walilifuta.

Mwaka mmoja kabla sijastaafu nilipita Songea kikazi. Tekla ana hoteli yenye kuta na bango, na mjukuu wake ndiye anayepokea fedha. Aliniambia Mzee Gama alifariki muda mrefu uliopita, na watu wengi wakanyoa kumwomboleza. Nikatoa pole, nikauliza kama amelazwa karibu na shangazi yake. Tekla akaweka sahani chini, akanitazama kama alivyonitazama siku ile ya chai mbili, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta.

Kumbe shangazi yule alifariki kabla lami ya kutoka Makambako haijafika Songea, na matanga yake yalikuwa yamemalizwa mwaka uliofuata, kwa komoni, ngoma na wembe, miaka mingi kabla mimi sijafika.